Kazi uipendayo au mshahara mara mbili na nusu: hesabu haiishii kwenye barua ya ofa

Mwalimu wa fizikia katika shule binafsi mjini Morogoro analipwa shilingi 1,100,000 kwa mwezi kabla ya makato. Darasa analipenda. Anawajua wanafunzi wa kidato cha tatu wanaoikimbia fizikia kwa sababu waliumizwa na hesabu tangu msingi, na anajua namna ya kuwarudisha taratibu, mmoja mmoja. Siku moja anapata barua kutoka shirika la Dar es Salaam linaloendesha mradi wa elimu kwa fedha za wafadhili: awe afisa ufuatiliaji na tathmini, mshahara 2,800,000, mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kurefushwa. Jibu linatakiwa ndani ya wiki.

Mwalimu huyu nimemtunga ili tuwe na tarakimu za kushika, lakini hali yake haihitaji kutungwa. Yuko muuguzi wa wodi ya wazazi anayeitwa kwenye mradi wa chanjo, yuko mtangazaji wa redio anayetakiwa kitengo cha mawasiliano cha benki, yuko fundi mwenye karakana yake anayeitwa mgodini Geita. Wote hupewa ushauri uleule. Mjomba atasema chukua pesa, mapenzi ya kazi hayalipi ada. Mwalimu mwenzake atasema usiende, utajuta. Kila mmoja anajibu kana kwamba mizigo miwili imeshawekwa kwenye mizani na kilichobaki ni kusoma uzito. Kwa kweli hakuna aliyeifungua hata mmoja.

Mimi naamini nyongeza ya mshahara ina thamani kwa kadiri unavyojua itakwenda kufanya nini na kwa muda gani. Naamini pia kwamba kazi unayoipenda lazima ichambuliwe kwa ukali uleule, kwa sababu mara nyingi tunachokipenda ni kipande tu cha kazi hiyo.

Tuanze na pesa, kwa kuwa ndiko watu wengi wanakokosea bila kujua.

Kwenye karatasi nyongeza ni 1,700,000. Kwa Tanzania Bara, mwajiriwa wa sekta binafsi hukatwa asilimia 10 kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Kinachobaki hutozwa kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, PAYE, kwa ngazi: 270,000 ya kwanza haiguswi, kisha asilimia 8, 20, 25, na kila kinachozidi 1,000,000 hukatwa asilimia 30. Mwenye mkopo wa elimu ya juu anakatwa tena asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa ajili ya Bodi ya Mikopo, HESLB, na mwalimu wetu bado anadaiwa.

Kwa mshahara wa Morogoro, NSSF inachukua 110,000, PAYE 125,500, HESLB 165,000. Anayoiona benki ni 699,500. Kwa ofa ya Dar es Salaam, NSSF itachukua 280,000, PAYE 584,000, HESLB 420,000, na atakayoiona ni 1,516,000. Ile 1,700,000 imekuwa 816,500. Katika kila shilingi 100 ya nyongeza, 48 tu ndizo zinazofika mkononi.

Hapa kuna jambo ambalo wanaolalamikia makato huliruka. Si yote yaliyokatwa yamepotea. Michango ya NSSF ni yake, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho juu yake. Pensheni inadai miezi 180 ya kuchangia, kwa hiyo kila mwezi unahesabika, na mchango mkubwa una maana yake uzeeni. Mkopo wa HESLB nao ni deni ambalo lingelipwa tu. Ikiwa amebakiza 9,000,000, kwa makato ya Morogoro atamaliza baada ya miezi 55, na kwa makato ya Dar es Salaam miezi 22. Siku deni linapoisha, mshahara wa mkononi unapanda hadi 1,936,000 bila mwajiri kuongeza senti. Kwa kijana ambaye deni hili ndilo linalomkaba, hiyo ni sababu nzito ya kuikubali ofa, nzito kuliko tarakimu ya jumla inayomvutia.

Halafu kuna gharama za kuhama. Shule yake ya sasa inampunguzia ada mtoto wake nusu, kama shule nyingi binafsi zinavyowafanyia walimu wao. Punguzo hilo halimo kwenye hati ya mshahara, na siku akiondoka linaondoka naye. Tuseme ni 1,200,000 kwa mwaka, yaani 100,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba Dar es Salaam tuseme inazidi ya Morogoro kwa 200,000, na mwenye nyumba atataka miezi sita au mwaka kwa mpigo, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja. Nauli na chakula cha mchana kazini tuweke 80,000. Nyongeza halisi sasa ni 436,500 kwa mwezi.

Bado ni pesa nyingi. Ni zaidi ya milioni tano kwa mwaka, na sitaki msomaji aondoke akidhani hesabu hii imelengwa kumkatisha tamaa. Imelengwa kumwonyesha anachobadilishana na darasa lake: si 1,700,000, ni 436,500 na deni litakaloisha karibu miaka mitatu mapema. Aliamue hilo.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikiki vizuri kwenye jedwali. Habari za kazi ya mradi zikifika nyumbani, ndugu hawayaoni makato. Wanaona Dar es Salaam na gari lenye nembo ya shirika. Kadi za mchango wa harusi zilizokuwa zikija singo zinaanza kuja dabo. Mdogo wako anayemaliza kidato cha nne anaanza kutajwa kila mama anapopiga simu. Siiti hii hasara. Hao ndugu ndio watakaokupokea mkataba ukikatika, na kuwasaidia ni sehemu ya maana ya kutafuta pesa. Ila mzigo huu una tabia moja: unapanda haraka na haushuki. Ukirudi kwenye mshahara wa 1,100,000 baada ya miaka mitatu, matarajio hayarudi na wewe. Ndiyo maana kiasi cha kusaidia nyumbani kinahitaji kupangwa kabla ya mshahara wa kwanza kuingia, na mama aambiwe mapema na kwa heshima, ili kisiamuliwe na simu ya kila jioni.

Sasa upande wa pili.

Ukiweka kazi mbili mezani ubavu kwa ubavu, tarakimu husikika kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 2004 mtafiti Christopher Hsee wa Chuo Kikuu cha Chicago na mwenzake Jiao Zhang walichapisha utafiti unaolieleza hili vizuri. Waliwapa watu mambo mawili ya kuchagua: kumbuka tukio ulilofanikiwa maishani huku ukila kipande kidogo cha chokoleti cha gramu 5, au kumbuka tukio uliloshindwa huku ukila kipande cha gramu 15. Wengi waliotakiwa kuchagua walichukua chokoleti kubwa pamoja na kumbukumbu mbaya. Lakini watu waliopewa upande mmoja tu, bila kuuona mwingine, walijisikia vizuri zaidi walipokuwa na chokoleti ndogo na kumbukumbu nzuri. Sababu ni kwamba anayelinganisha anaziona gramu 15 na 5 pamoja, na tofauti inamjaa machoni. Anayeishi na upande mmoja hana cha kulinganisha nacho, kwa hiyo ukubwa wa kipande haumsumbui, lakini kumbukumbu iliyomo kichwani inamgusa moja kwa moja.

Wiki ya kuamua, mwalimu wetu ni mlinganishaji. Anaiona 2,800,000 ikiwa kando ya 1,100,000. Mwezi wa nane kazini atakuwa mwenye kuishi na upande mmoja. Mshahara utakuwa umeshazoeleka, una shughuli zake kila tarehe 25. Kitakachobaki kikigusa siku yake ni kile anachokifanya kuanzia saa mbili asubuhi: kuhakiki fomu zilizojazwa na walimu wa wilaya sita, kuingiza takwimu kwenye majedwali, kuandika ripoti ya robo mwaka kwa lugha anayoitaka mfadhili, kusafiri kwenda wilayani kwa posho ya kujikimu. Wapo wanaoipenda kazi hiyo kwa dhati, na inahitaji akili. Swali ni kama yeye ni mmoja wao, na hilo halijibiwi na barua ya ofa. Linajibiwa na mtu anayeifanya sasa. Atafute afisa wa aina hiyo, amnunulie chai, amuulize Jumanne yake iliyopita ilikwendaje tangu asubuhi hadi alipofunga kompyuta.

Uchambuzi huohuo aufanye kwenye kazi yake ya sasa. Anasema anapenda ualimu. Anapenda kitu gani hasa? Labda ni zile dakika 40 za kipindi, pale kijana wa nyuma anaponyoosha kidole na swali ambalo kitabu hakikulitarajia. Labda ni maabara. Lakini ualimu wake una pia kusahihisha madaftari 160, zamu za mabweni, kufuatilia wazazi wenye madeni ya ada kana kwamba yeye ni mhasibu, na mkuu wa shule anayeitisha kikao saa kumi na moja jioni. Akiorodhesha wiki yake kwa uaminifu, huenda akagundua kwamba anachokipenda kinachukua saa kumi na mbili, na saa zilizobaki anazivumilia. Au atagundua kwamba anampenda mwenzake wa idara na utani wa ofisi ya walimu, na kwamba mwenzake huyo anahama Januari.

Tofauti hii ina matokeo. Yapo mapenzi ya kazi yanayobebeka. Mtu anayependa kuandika ataandika usiku akiwa na ajira yoyote ile. Anayependa kueleza fizikia anaweza kupata kundi la Jumamosi la wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne, hata akiwa Mbezi. Mengine hayabebeki: mkunga haendelezi ukunga wake mwisho wa wiki, wala mpasuaji. Kwa hao, kuondoka miaka mitano ni kupungukiwa mkono wenyewe, na kurudi kunadai leseni iliyo hai na mafunzo ya kujiendeleza. Anayeacha kazi ya aina hii analipa zaidi kuliko mwalimu wetu, na ofa yake inapaswa kuwa kubwa zaidi ndipo ilingane.

Vipi kuhusu msemo kwamba pesa hazileti furaha? Ushahidi hauungi mkono msemo huo kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton walichapisha matokeo kutoka Marekani yaliyoonyesha kwamba hisia njema za kila siku huacha kupanda mapato yakifika kama dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth alipata kinyume chake, kwamba zinaendelea kupanda. Badala ya kuzozana, mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth, wakisaidiwa na Barbara Mellers, walizichambua takwimu kwa pamoja wakakubaliana: kwa watu wengi furaha huendelea kupanda na mapato, na ukomo unaonekana kwa wale wachache ambao tayari hawana furaha. Muhimu zaidi kwetu, kinachopandisha ni uwiano. Kutoka 700,000 kwenda 1,400,000 kuna uzito sawa na kutoka milioni tano kwenda kumi. Kwa hiyo anayeishi kwa mshahara unaokwisha tarehe 18, asiambiwe na mtu yeyote kwamba kutafuta pesa ni kuuza roho. Mama mwenye kisukari anayehitaji dawa kila mwezi ni sababu kamili, haihitaji kuombewa radhi.

Na hapo ndipo ninapokasirishwa na jinsi tunavyolitumia neno wito. Ualimu ni wito, uuguzi ni wito, uandishi ni wito: mara ngapi sentensi hiyo imesemwa na anayelipa, siku ambayo aliombwa aongeze? Watafiti Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichunguza wahudumu wa bustani za wanyama Amerika Kaskazini, na mwaka 2009 wakachapisha walichokiona. Wale walioiona kazi yao kama wito waliiona pia ina maana kubwa. Lakini ndio hao waliokuwa tayari zaidi kupoteza malipo na muda wao binafsi, na ndio waliokuwa rahisi zaidi kunyonywa na menejimenti. Upendo wako kwa kazi ni mali yako. Mwajiri akiuhesabu kama sehemu ya mshahara anaokulipa, amechukua kitu ambacho hakukitoa.

Kwa hiyo kabla ya kuijibu ofa, mwalimu wetu aende kwa mkuu wa shule nayo mkononi. Hapa kwetu wengi huona aibu kufanya hivyo, wanaona ni utovu wa adabu au ni kutishia. Si hivyo, ukisema kwa utulivu: nimepata nafasi hii, ningependa kubaki, nisaidie nibaki. Shule haitafika 2,800,000. Lakini inaweza kutoa nyumba ndani ya eneo la shule, ada yote ya mtoto, ukuu wa idara na posho yake, kumwondolea zamu za bweni. Nyumba ya bure na ada kamili zinaweza kuifuta zaidi ya nusu ya ile 436,500. Wengine huondoka bila kujua kwamba kilichowakimbiza kingeweza kurekebishwa kwa kikao cha nusu saa.

Lipo pia suala la uimara wa hicho kiti kipya, na hapa historia ya karibuni inasema kwa sauti. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limekoma kuendesha miradi. Wafanyakazi wa miradi ya afya na maendeleo Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko walipata barua za kusimamisha kazi ndani ya siku chache. Walikuwa wazuri katika kazi zao. Haikusaidia kitu. Sehemu ya mshahara mkubwa wa mradi ni malipo ya hatari hiyo, iwe imeandikwa au haikuandikwa, na anayeutumia wote kama mshahara wa kudumu amekula akiba ya siku mbaya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo ina vipengele ambavyo anayehama anapaswa kuvijua. Mfanyakazi asiyetimiza miezi sita kwa mwajiri wake hana kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Ukihama unaanza upya kuhesabu, hata kama ulikuwa na miaka tisa ulikotoka. Kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka hulipwa mwajiri anapokuachisha. Ukiacha mwenyewe hukipati. Sheria hiyo inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini kikomo hicho hakiwahusu wanaosimamia wengine na kuripoti kwa uongozi wa juu. Cheo kinachokuja na neno meneja kinaweza kuja pia na Jumamosi zako zote. Uliza kabla ya kusaini.

Mtego mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, huja mwezi wa tatu au wa nne. Afisa mikopo anafika ofisini. Kwa mshahara wa 2,800,000 unaweza kukopa kiasi ambacho hukuwahi kukishika, ulipe kwa miaka sita. Gari linapatikana, au nyumba inaanza kujengwa Chanika. Tangu siku hiyo huwezi tena kuchukua kazi ya 1,100,000, hata uipende vipi, kwa sababu rejesho peke yake lingemeza sehemu kubwa ya mshahara huo wa mkononi. Wengi wanaosema wamekwama kwenye kazi wasiyoipenda hawakukwamishwa na kazi, wamekwamishwa na mkopo. Mkataba ni wa mwaka mmoja, deni ni la miaka sita, na hakuna aliyeviweka pamoja.

Kama mwalimu wetu angeniuliza, na akawa hana akiba, ana deni la HESLB na mdogo wa kusomesha, ningemwambia aende, kwa tarehe ya kurudi iliyoandikwa. Miezi 36. Miezi 22 ya kwanza deni linaisha. Katika miezi 14 inayofuata, ile 420,000 iliyokuwa ikikatwa haiingii kwenye matumizi: inakwenda kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS au chama cha akiba na mikopo (SACCOS) siku ileile mshahara unapoingia, na hiyo peke yake ni 5,880,000. Nje ya hapo, kabla ya kitu kingine chochote, akiba ya miezi sita ya matumizi ya nyumbani, kwa ajili ya barua ambayo wenzake waliipata mwaka 2025. Hakuna mkopo wa mshahara unaopita tarehe ya mkataba. Jumamosi moja moja afundishe, ili mkono usisahau.

Akiwa hana deni, ana akiba, na nyumbani hakuna mgonjwa, ningemshauri abaki na aidai shule haki yake. Nyongeza ya 436,500 isiyo na kazi maalumu ya kufanya itayeyuka ndani ya mwaka, na hatakumbuka ilikwenda wapi.

Na akiwa mwalimu wa serikali, hesabu inabadilika tena. Yeye anachangia mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, asilimia 5 na mwajiri 15, kadi yake ya bima ya afya ya NHIF inaweza kuwabeba hata wazazi, na aliyeacha utumishi wa umma harudi kirahisi, maana kuajiriwa upya kunahitaji kibali. Huyo, kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, aende kwa afisa utumishi wa halmashauri yake akaulize masharti ya likizo bila malipo, na majibu ayapate kwa maandishi.